Siku moja Yogyakarta na wenyeji: punguza orodha, wahi asubuhi

Wageni wengi wanaopokelewa na marafiki au familia mjini Yogyakarta, kisiwani Java nchini Indonesia, hufika na orodha ndefu: mahekalu ya Borobudur na Prambanan, mlima wa volkano wa Merapi, ufukwe wa Parangtritis, vyote kwa siku moja. Mjawa hapendi kumkatalia mgeni uso kwa uso. Atakubali kwa adabu, na siku itaishia barabarani. Borobudur peke yake iko kama kilomita 40 kutoka mjini, kwa hiyo ipe siku yake. Kwa siku ya mjini, sehemu mbili asubuhi, mapumziko mchana na jioni isiyo na ratiba vinatosha kabisa.

Mwambie mwenyeji akupeleke kula gudeg kabla ya yote, kwani wauzaji wengi wazuri huanza alfajiri na chakula huisha. Ni fenesi changa lililopikwa kwa saa nyingi katika tui la nazi na sukari ya kahawia, pamoja na majani ya mtiki yanayolitia rangi nyekundu ya udongo. Huliwa na wali, yai, kuku na krecek, yaani ngozi ya ng'ombe yenye pilipili. Ulimi uliozoea mchuzi wa chumvi utashtuka, maana ni tamu kwelikweli. Usiache krecek pembeni. Ndiyo inayokata utamu.

Kutoka hapo nendeni moja kwa moja Kraton, kasri la Sultani lililoanza kujengwa mwaka 1755. Hufungwa Jumatatu, na siku nyingine huacha kupokea wageni mapema mchana. Fikeni kabla ya saa 3 asubuhi ili mpate nafasi ya kukaa. Mara nyingi kuna onyesho la gamelani, yaani muziki wa magongo na vyombo vya shaba vya Kijava, ngoma au wayang, mchezo wa vikaragosi. Vua kofia ukiingia, funika mabega na magoti, na usivae batiki yenye nakshi ya parang, ile mistari ya mshazari, kwa sababu ndani ya kasri ni nakshi ya ukoo wa kifalme. Taman Sari, yalipo mabwawa ya kuogea ya Sultani, ni mwendo mfupi kwa miguu, nayo hufunga alasiri. Ndiyo maana zote mbili mzitembelee asubuhi.

Njiani mtu mpole atawaambia Kraton imefungwa leo, ila kuna maonyesho ya batiki ya wanafunzi, siku ya mwisho. Usimfuate. Ni dukani, na yeye hulipwa kamisheni. Dereva wa becak, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria huketi mbele, anayetaja nauli ya chini mno naye huwa anategemea kamisheni hiyohiyo. Kabla ya kupanda, mwenyeji apatane naye mambo matatu: bei ni ya chombo kizima au ya kila mtu, ni kwenda tu au na kurudi, na hakuna kupitia dukani.

Bei hutamkwa bila maelfu: ukisikia “lima belas”, yaani kumi na tano, ni rupia 15,000. Beba noti ndogo, kwani anayeuza chakula cha rupia elfu chache hana chenji ya noti nyekundu ya 100,000.

Mchana rudini nyumbani mkalale.

Alasiri nendeni soko la Beringharjo, kando ya barabara ya Malioboro. Vitenge vyetu vina asili huku: viwanda vya Uholanzi vilianza kuiga batiki ya Java katika karne ya 19. Kabla ya kununua, geuza kitambaa. Upande wa nyuma ukiwa umepauka, kimechapwa kiwandani. Rangi ikikolea pande zote mbili na nakshi ikijirudia sawasawa, mara nyingi ni cap, iliyopigwa nta kwa muhuri wa shaba. Mistari inayotofautiana kidogo ni dalili ya tulis, iliyochorwa kwa mkono na kalamu ya nta. Hiyo huchukua wiki au miezi, kwa hiyo tulis ya bei ya chee ni uongo. Mwache mwenyeji apatane bei, wewe nyamaza.

Usiku kaeni kwenye mkeka katika angkringan, mkokoteni wa chakula, karibu na stesheni ya Tugu. Agiza nasi kucing, kifurushi kidogo cha wali. Mtu mzima humaliza viwili au vitatu. Kopi joss ni kahawa iliyotumbukizwa kaa la moto. Subiri machicha yatulie chini ndipo unywe.

Kuhusu bili, mwenyeji atang'ang'ania kulipa. Kuvutana mbele ya muuzaji kunamwaibisha mwenyeji, hivyo mwambie tangu asubuhi kwamba chakula cha usiku ni chako. Zawadi mpe kwa mkono wa kulia, na usishangae akiiweka pembeni bila kuifungua. Huo ni ustaarabu wa kwao. Nyumbani kwake, ukiwekewa chai, subiri akukaribishe ndipo unywe.

Ukitaka kurudi na bakpia, vile vitobosha vya kuokwa vilivyojazwa choroko, nunua siku ya mwisho na usome tarehe kwenye boksi, kwa sababu vile laini haviwezi safari ndefu.