Unauliza, Tunajibu: Udzungwa kwa Miguu

Barua nyingi za kiangazi hiki zimeulizia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ni hifadhi ya kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa mwaka 1992, na ndani yake hakuna barabara ya kutembeza watalii kwa gari. Ukiingia unatembea, na mara nyingi unapanda. Tumechagua barua sita.

Tuko wanne wa familia moja, watoto wana miaka 9 na 13. Tunatoka Dar es Salaam na tuna siku mbili na usiku mmoja. Tunataka maporomoko ya Sanje na mbega wekundu. Tupangeje? (Mama wa wawili, Tabata)

Siku ya kwanza mama, ihesabuni kuwa ya njiani. Mabasi ya Ifakara hupita Morogoro na Mikumi mjini, kisha hukata kusini kupitia Kidatu. Kutoka Mikumi mjini hadi Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 60. Treni ya TAZARA nayo ina kituo Mang'ula, ila kwa mtu mwenye siku mbili hatuishauri, maana ikichelewa imekula safari yote.

Laleni Mang'ula, na jioni hiyo hiyo mwende langoni kupanga kiongozi na askari wa kesho. Askari mwenye bunduki msimwache, kwa sababu tembo na nyati hutumia njia zile zile mnazopita ninyi. Malipo ni kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu, si pesa taslimu. Mtandao ukisumbua asubuhi mtapoteza saa nzima iliyo bora kuliko zote, kwa hiyo malizeni maandalizi usiku. Watoto wenu wana kiwango chao cha chini cha malipo.

Njia ya Sanje huanzia kijiji cha Sanje, kama kilomita 10 kaskazini mwa Mang'ula, hivyo pangeni usafiri wa kufika hapo saa 12:30 asubuhi. Mzunguko huandikwa kuwa wa saa 4. Hizo ni saa za mtu asiyesimama. Ninyi wekeni 6. Maporomoko yana urefu wa mita 170 kwa ngazi tatu, na kwenye madimbwi yake mnaweza kuoga, lakini mawe ya pembeni yana utelezi wa kijani usioonekana yakiwa na maji. Wengi huumia wakati wa kushuka, si kupanda: magoti yamechoka, macho yako kwenye simu. Kateni fimbo mjini au muombe kwa kiongozi. Msikate mti wa hifadhini.

Miezi ni Juni hadi Oktoba. Machi hadi Mei njia inageuka tope na mvua inawafunga midomo wanyama na watu.

Mwaka jana tulikwenda watu 12 wa ofisi moja. Tulitembea saa nne, tukaona kima watatu na mkia wa kitu kilichokimbia. Kiongozi wetu hakujua kazi, au wanyama wameisha? (Mhasibu, Morogoro)

Wanyama hawajaisha, na kiongozi huenda hana kosa. Kosa ni hao 12.

Ndani ya msitu mnene jicho halifiki mbali, mara nyingi mita 15 au 20 tu kwenda mbele. Sauti inafika mbali zaidi. Kwa hiyo mnyama amekusikia zamani kabla hujamwona, na katika msafara wa watu 12 wa kwanza akimwona ng'olaga (nyani wa msitu huu apendaye kutembea chini), wa mwisho anafika wakati majani yameshatulia. Kikundi kizuri ni watu 4 hadi 6 pamoja na kiongozi na askari. Mkiwa wengi, gawanyikeni njia mbili tofauti. Kuachiana dakika tano kwenye njia moja hakusaidii, kwa sababu kundi la pili linapita palipokwisha kushtuliwa.

La pili ni mwendo. Watu wengi wanaokwenda Sanje wanakwenda kwenye maji, na msitu wanaupita tu. Ukikaribia maporomoko mngurumo wake unafunika kila sauti, hivyo hata kiongozi hodari anakuwa kiziwi hapo. Fanyeni kazi ya kusikiliza sehemu ya chini, asubuhi, kabla hamjachoka. Kila baada ya hatua 100 hivi simameni wote dakika tatu, bila kunong'ona, bila kufungua mfuko wa biskuti. Dakika ya kwanza hamtasikia kitu. Kuanzia ya pili msitu unarudi kwenye shughuli zake.

Mnasikiliza nini? Tawi zito linaloyumba ghafla bila upepo ni mbega anayeruka. Majani yaliyong'atwa nusu na maganda yanayodondoka yana maana kuna mlaji juu yenu. Kima dume hutoa mlio mmoja mkali, "pyau!", unaosikika mbali. Mbega weusi wenye manyoya meupe hunguruma alfajiri kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mbega mwekundu wa Udzungwa, ambaye duniani kote yuko milima hii na misitu michache ya jirani kama Magombera, ana sauti nyembamba kuliko umbo lake, na asiyemjua hudhani ni ndege. Kundi lake linaweza kuzidi 30, kwa hiyo ukimpata mmoja tulia, wengine wapo. Huyu hula zaidi majani, na tumbo lake lenye vyumba linahitaji muda mrefu wa kuyachachua. Ndiyo maana kuanzia saa 5 asubuhi amejilaza kwenye uma wa tawi na hatikisiki. Usimtafute mwili. Tafuta mkia unaoning'inia wima chini ya tawi.

Ng'olaga wa Sanje ni habari nyingine. Wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Muda mwingi yuko chini, anapekua majani makavu akitafuta mbegu na wadudu, na kundi lake hufika hata 60. Ukisikia kitu kama kuku wengi wanaoparura, kisha mguno mfupi mfupi, chuchumaa. Karibu na Mang'ula kuna kundi lililozoeshwa watu kwa ajili ya utafiti, na swali la kwanza kwa kiongozi wako liwe: jana jioni walilala wapi?

Darubini nayo imewaponza wengi. Ile ndogo ya mfukoni yenye maandishi 10x25 inafaa uwanjani, si hapa. Gawa 25 kwa 10: mwali wa mwanga unaofika jichoni una milimita 2.5 tu, na chini ya miti utaona weusi. 8x42 inakupa zaidi ya milimita 5. Mwone mnyama kwa macho kwanza, usiyaondoe kwake, kisha inua darubini mpaka iingie katikati. Anayeanza na darubini machoni, ndipo amtafute mnyama, humkosa.

Mkiwapata, bakini umbali wa mita 10, na mwenye mafua avae barakoa au arudi, maana magonjwa yetu ya kifua huwapata na wao. Msisimame chini yao moja kwa moja. Sababu mtaijua haraka.

Kuhusu mavazi: rangi tulivu inatosha, lakini koti la mvua la nailoni linalochakarisha lina madhara kuliko shati jekundu. Nguo za madoa kama za jeshi msivae kabisa, raia haruhusiwi.

Siafu na upupu vinanitisha kuliko nyati. Nivae mabuti ya mpira? (Binti wa Kinondoni)

Mabuti ya mpira yanazuia siafu, lakini soli yake haina meno ya kushika mwamba wenye maji, na kwenye mteremko vidole vya miguu vinagonga mbele mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Vaa viatu vya kupandia vyenye soli ya meno na kifundo kilichofunikwa, suruali ndefu, na ingiza suruali ndani ya soksi. Hilo la soksi linakukinga na kupe pia.

Siafu huvuka njia kwa mstari mweusi. Uruke kwa hatua ndefu moja, wewe na wote walio nyuma yako, wala msisimame kupiga picha. Wakichokozwa hutawanyika, na mtu hujikuta katikati yao bila kujua kwa sababu hawaanzi kuuma papo hapo. Wakishakupanda, kimbia mita 20 mbele ndipo uanze kuwatoa. Ukimvuta siafu kiwiliwili, kichwa kinabaki kimeng'ata. Kibane kichwa chenyewe kwa kucha.

Upupu humea zaidi pembezoni mwa msitu na palipokatwa, si kwenye kivuli kizito. Hatari yake ni kiangazi, maganda yanapokauka na vinyweleo kupeperuka hata bila kuguswa. Ukikupata, usikune na usipanguse kwa mkono, maana unavizamisha na kuvisambaza. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi, ubandue, rudia kwa utepe mpya mara kadhaa, ndipo uoshe kwa maji mengi na sabuni. Nguo ile usiivae tena kabla ya kuifua. Tia rola ndogo ya utepe kwenye begi. Ina uzito mdogo kuliko majuto.

Mbu wa bonde la Kilombero usiwadharau. Dawa ya kujipaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30, chandarua usiku, na umwone daktari kuhusu kinga ya malaria kabla ya safari. Maji ya kunywa: lita 2, na 3 ukipanda kileleni.

Nikija Mang'ula nitamwona kipunji? (Mwanafunzi wa SUA)

Hapana. Kipunji, nyani aliyetangazwa kisayansi mwaka 2005, yuko sehemu mbili: nyanda za Rungwe na Livingstone, na msitu wa Ndundulu ulio upande mwingine wa milima hii ya Udzungwa. Njia za siku moja za Mang'ula hazifiki huko. Atakayekuahidi hivyo kwa nauli ya bodaboda anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Picha zangu zote za msituni ni nyeusi au zina ukungu. (Mpiga picha wa harusi, Iringa)

Mnyama yuko kivulini na nyuma yake kuna anga jeupe, kwa hiyo kamera inapima anga. Ongeza mwanga kwa kipimo +1 au zaidi, ISO 1600 hadi 3200, kasi isipungue 1/250, na flashi izimwe. Ukungu mara nyingi ni jasho la lenzi iliyotoka chumba chenye kiyoyozi. Iache begini nusu saa ipate joto kabla hujafungua.

Mimi ni kijana wa hapa Mang'ula, nimemaliza kidato cha nne. Nataka kuwa mwongoza watalii wa msituni. Nianzie wapi?

Anza na masikio kabla ya vyeti. Jifunze sauti za nyani watano wa hapa mpaka uzitambue umefumba macho: mbega mwekundu, mbega mweusi, kima, ng'olaga na nyani wa njano. Kisha hondohondo, ambao mabawa yao husikika kabla ya mdomo, na wanakoelekea mara nyingi kuna mkuyu uliozaa. Weka daftari la miti inayozaa: mti gani, uko wapi, uliiva tarehe ngapi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuongoza kwa wanyama kuliko mbio zako zote. Jifunze pia sange, yule mdogo mwenye pua ndefu. Wa uso wa kijivu, aliyepewa jina la Udzungwa mwaka 2008, hufika gramu 700, na wageni wengine husafiri bara hadi bara kwa ajili yake.

Kisha kuongoza kwenyewe. Kabla ya kuingia, waeleze wageni mambo kwa dakika tano, si zaidi: ishara ya mkono ya "simama", ya "chuchumaa", na ya "rudi polepole". Askari awe mbele, wewe nyuma yake, na mgeni mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote awe nyuma yako mara moja ili yeye ndiye apange mwendo. Waongozaji wengi humwacha mkiani, kundi linakatika, wanaanza kuitana kwa sauti, na asubuhi imekwisha. Hesabu vichwa kila mnapovuka mto. Tangaza mapema saa ya kurudi na usibembelezwe: chini ya miti giza huwahi, na saa 11:30 jioni mawe hayaonekani tena. Usiahidi mnyama yeyote. Ahidi njia na muda.

Kwa masomo, Chuo cha Taifa cha Utalii kina mafunzo ya kuongoza watalii. Mweka na Pasiansi ni vyuo vya wanyamapori. Hivyo vinakupeleka zaidi kwenye usimamizi na uaskari, kwa hiyo amua kwanza unataka kazi ipi. Huduma ya kwanza isome kwa vitendo, hasa kufunga kifundo kilichoteguka na kubeba mtu mteremkoni. Nenda pia langoni uombe kufuatana na waongozaji wazoefu siku zenye wageni wachache, miezi ya Novemba na Desemba, wanapokuwa na nafasi ya kujibu maswali.