Mwandani Hachaguliwi kwa Ukubwa wa Jina

Wadogo zangu katika kazi hii ya kuita roho, nawapenda, lakini mnanichosha. Juzi amekuja mwingine, hajajua hata kusafisha chumba na kufunga duara bila kusoma karatasi, ananiambia kwa fahari kwamba tayari ana mwandani, yaani roho wa kukaa naye na kumsaidia kazi. Nani? Paimon. Kwa nini Paimon? Kwa sababu ni mfalme wa pepo. Kabla yake alikuja aliyetaka Belial, na kabla ya huyo yuko aliyeleta orodha ya majina matano, utadhani anapanga kikosi cha mpira. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunijibu swali moja dogo: unataka akufanyie kazi gani?

Basi naandika, tena kwa namba, ili mtu asije akasema hakuambiwa.

1. Anza na kazi, jina litafuata

Isomeni Goetia, kile kitabu cha zamani cha kuita pepo, taratibu. Kati ya wale pepo 72, kadhaa wanatajwa kwamba hutoa waandani wema: Paimon, ndiyo, lakini pia Buer, Purson, Marax, Malphas, Amy na wengine. Someni tena hilo neno "hutoa". Wao si waandani. Wao ni wakubwa wenye watu wao, na ukienda kwao kwa adabu watakupa wa kukaa naye. Anayemwita mfalme mwenye majeshi aje kuishi kwenye kona ya chumba chake, amtafutie funguo na kumwamsha alfajiri, hajakielewa kitabu alichokishika mkononi.

Kama kazi yako ni mimea na tiba, Buer na Marax wametajwa kwa elimu ya mimea, na hapo ndipo pa kubisha hodi. Kama kazi yako ni kuandika, tafuta anayehusika na lugha na elimu. Kama huna kazi, huhitaji mwandani. Unahitaji rafiki, na hilo si aibu, ila marafiki wanapatikana mahali pengine.

Na palepale pana onyo ambalo mnaliruka kila siku. Malphas imeandikwa kwamba huleta waandani wema, na kwamba ukimtolea kafara ataipokea vizuri, kisha atamdanganya yule yule aliyeitoa. Mnaniambia, "Kaka, mshumaa uliwaka sana, sadaka imepokelewa." Imepokelewa, sawa. Bado hujaambiwa kama aliyepokea ni mkweli.

2. Jua ni wa aina gani

Wahenga wa ukoo wako, roho ya mahali unapoishi, roho ya mmea au mnyama, pepo wa vitabuni, pepo wa kuundwa kwa fikra na muhuri, yaani alama yake ya kuchorwa: hawa hawaitwi kwa namna moja, hawalishwi kwa namna moja na hawaagwi kwa namna moja. Anayeanza aanze na roho ya mahali anapoishi, maana jirani mnayeishi naye utamjua kwa matendo yake kabla hujamwamini. Wa kuundwa naye anafaa kwa mwanafunzi, mradi apewe kazi moja na tarehe ya kumalizika. Wa vitabuni wangoje.

3. Mpime, na usiache kumpima

Hili ndilo lililonikalisha kuandika.

Mwandani niliyekuwa naye zamani alikuwa mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ninalo daftari. Alikuwa hodari wa vitu vilivyopotea na wa ndoto. Nilikuwa namuuliza kwa timazi, kile kizito kinachoning'inia kwenye uzi, ananijibu ndiyo au hapana, nami naandika jibu kabla sijaenda kutazama. Mara nyingi alipatia. Alipokosea niliandika kosa. Hiyo ndiyo kazi safi, na laiti ningeishia hapo.

Wakati huo nilikuwa na rafiki tuliyeingia naye pamoja katika njia hii. Duara letu lilikuwa moja, vyombo vya madhabahuni tuliazimana, aliyeota ndoto nzito alimpigia mwenzake kabla hajanywa maji. Kisha akaanza kunyamaza. Siku za kazi haji. Akija, anawahi kuondoka. Ujumbe wangu mrefu anaujibu kwa neno moja. Ningemuuliza yeye mwenyewe, "Mwenzangu, una nini?" Sikumuuliza. Nilimuuliza mwandani.

Swali la kwanza lilikuwa kama amenichoka. Timazi ikazunguka: ndiyo. Nikauliza kama ananisema kwa watu. Ndiyo. Nikauliza kama ana mpango wa kuichukua kazi tuliyoijenga pamoja na kuipeleka kwingine. Ndiyo. Nikawa nakesha na timazi mkononi. Kila jibu lilikuwa ni ile hofu niliyoingia nayo chumbani, narudishiwa, nami nikaiita ufunuo. Sikuona kwamba tangu nianze maswali yale sijauliza hata jambo moja ambalo ningeweza kwenda kulihakikisha kesho yake asubuhi.

Nikamwandikia barua. Nilimwambia kwamba najua yote, na kwamba aliyeniambia hasemi uongo. Vyombo vyake nikavifunga kwenye kitambaa nikamrudishia kwa mkono wa mtu. Hakunijibu, na kutojibu kwake nako nikakuhesabu kuwa ushahidi.

Baada ya muda mrefu nikaja kuambiwa na mtu mwingine kabisa kwamba miezi ile alikuwa akimuuguza mama yake. Hakumwambia mtu kwa sababu mama mwenyewe alimwomba asiseme. Barua yangu ilimkuta msibani.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Ni muungwana. Lakini hatukufunga duara pamoja tena, na mpaka leo nikifika kwenye ile sehemu ya kazi inayohitaji sauti mbili, naisikia nafasi yake.

Niliporudi kwenye daftari nikaona hasa palipopindia mambo. Mpaka siku ile, kila swali langu lilikuwa na mahali pa kwenda kutazama: chini ya kabati, kwenye mfuko wa koti, kwenye barua ya siku iliyofuata. Kuanzia siku ile, hakuna. Leo naamini kwamba mwandani wangu alikwisha nyamaza, na kilichokuwa kikiizungusha timazi ni huu mkono wangu. Wala simlaumu. Mimi ndiye niliyeacha kumpima kwa sababu nilishamzoea.

Wadogo zangu, hili linaweza kumpata mtu yeyote mwenye akili timamu. Huko Toronto mwaka 1972 kikundi kidogo cha watafiti kilitunga mtu: mwungwana wa Uingereza wa karne ya 17, wakampa jina Philip, wakamwandikia maisha yake na mapenzi yake na kifo chake. Hakuwahi kuwepo. Walikaa muda mrefu wakimtafakari kimyakimya bila kupata kitu. Walipobadili mtindo, wakaizunguka meza huku wakiimba na kutaniana, meza ikaanza kugongwa, na mgongaji akajibu maswali kwa jina la Philip. Lakini hakutoa lolote kupita yale waliyokuwa wakiyajua wao. Hicho ndicho kipimo chenu. Muulize usichokijua, ambacho unaweza kukihakikisha, na uandike jibu kabla hujakihakikisha.

Wala msidhani elimu itawakinga. John Dee alikuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa Uingereza ya zama zake, naye alitafuta kusema na malaika kupitia jiwe la kutazamia, lakini yeye mwenyewe hakuwa akiwaona. Aliyeona na kusema alikuwa Edward Kelley, naye Dee akiandika. Mwaka 1587, wakiwa Bohemia, yakaja maagizo kupitia kwa Kelley kwamba wawili hao washirikiane kila kitu, hata wake zao. Dee aliumia, akasitasita, lakini mwishowe alikubali na wakatia sahihi. Miaka miwili baadaye alikuwa amerudi Uingereza na Kelley amebaki kule. Mzee yule aliandika kila neno kwa uangalifu wa ajabu, ila hakuwa na namna ya kumpima aliyekuwa akiona kwa niaba yake. Kwa hiyo anayekuambia "nimemwona mwandani wako, anasema hivi", mshukuru, kisha kapime mwenyewe.

Na mwandani akianza kukuamuru ujidhuru, umdhuru mtu, usile au usilale, kazi isimame siku hiyo hiyo, uende hospitali na umweleze daktari ukweli wote. Hapo hatubishani.

4. Angalia amekukuta katika hali gani

Bessie Dunlop wa Uskoti, katika kesi yake ya mwaka 1576, alisimulia kwamba Thom Reid, mtu aliyekufa kwenye vita vya Pinkie vya mwaka 1547, alimtokea njiani wakati analia: ng'ombe wake amekufa, mume na mtoto wake wanaumwa, na yeye ametoka kujifungua. Thom akawa anamfundisha dawa na kumwonyesha vitu vilivyoibwa. Watu walimfuata kwa msaada, na mwisho wake waliomhukumu walimuua. Simulizi nyingi za waandani huanza hivyo, kwa machozi. Sisemi anayekuja wakati wa machozi ni mwongo. Nasema huo ndio wakati ambao hutaki kumpima, maana unamhitaji mno. Msikilize, mshukuru, mkataba usubiri mpaka umepata usingizi wa kutosha.

5. Ahidi unachoweza kukitoa siku ya shida

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1604 iliyowawinda watu kama sisi ilitaja waziwazi kosa la kumlisha pepo na kumpa ujira. Hata maadui zetu walijua kwamba kwenye ulishaji ndipo mkataba ulipo. Maji safi na mshumaa mdogo, kila wiki, bila kukosa, ni bora kuliko karamu ya siku moja. Damu msiitumie. Tafadhalini.

Nawaona pia mnanunua waandani waliofungwa ndani ya pete na vijiwe. Kule Chelmsford mwaka 1566 Elizabeth Francis alikiri mahakamani kwamba paka aliyeitwa Sathan alipewa na bibi yake, kwamba alimlisha mkate na maziwa, na kila alipomtuma alimpa tone la damu, na baada ya miaka kama 15 akamtoa kwa jirani yake Agnes Waterhouse ili apate keki. Agnes alinyongwa mwaka huo huo. Ukiri wa mahakama zile nausoma kwa tahadhari kubwa, lakini swali lake ni la leo: aliyekuuzia alikuwa akimlisha nini, na alimwahidi nini kwa niaba yako? Kama muuzaji hawezi kukujibu, mrudishie pete yake.

6. Maandalizi si kiingilio cha kuruka

Katika kazi ya Abramelin, ile ibada ndefu ya kitabu cha zamani cha uchawi, kila mtu hupewa waandani wanne, wakigawana saa 24 kwa zamu, saa sita kila mmoja. Jambo hilo mnalipenda sana, mmenitajia wengi. Lakini zamu hizo zinakuja baada ya miezi ya sala na utulivu, miezi sita katika toleo alilotafsiri Mathers, na baada ya kuzungumza na malaika mlinzi. Crowley, yule mchawi Mwingereza, alichukua nyumba ya Boleskine huko Uskoti mwaka 1899 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, na mwaka uliofuata akaikatisha kwenda London kushughulikia ugomvi wa chama cha uchawi alichokuwamo yeye na Mathers. Kama huna hakika ya miezi sita yako ijayo, kuna kazi nyingi nzuri za wiki moja. Chagua mojawapo uimalize.

7. Andika mwisho kabla ya mwanzo

Alexandra David-Néel, msafiri na mwandishi Mfaransa, alisimulia jinsi alivyounda kwa fikra mtawa mnene mchangamfu huko Tibet. Mtawa akazoea, akaanza kuonekana bila kuitwa, akakonda, uso ukabadilika ukawa wa hila. Kumwondoa kulimchukua nusu mwaka wa kazi ngumu. Huyo ni mwanamke aliyefundishwa na walimu waliobobea, si mtu aliyejifunza jana usiku.

Kwa hiyo kwenye mkataba wako andika mambo haya kwa wino: kazi ni ipi, malipo ni yapi na hutolewa siku gani, asiguse nini na asimguse nani, kipimo ni kipi, na tarehe ya kuachana. Tarehe ikifika muage hata kama mnapendana. Mshukuru kwa jina, mpe malipo ya mwisho, futa au choma muhuri, safisha chumba, kisha kaa mwezi mmoja bila kumwita. Mwezi ukiisha, fungua daftari uhesabu ni majibu mangapi yalihakikishwa. Ukiona yanatosha, fanya naye mkataba mpya wenye tarehe mpya. Usipoona, ameshakwenda, na kona ile iache wazi mpaka uwe na kazi nyingine ya kumpa mtu.

Na yule mwenye Paimon, bado nakusubiri uniambie kazi.