Maji ya Kayabwe, nani anayazungusha?

SWALI: Mwalimu, habari za siku. Mwezi uliopita tulikuwa tunaenda Masaka kwa mazishi, tukasimama Kayabwe kwenye ule mstari wa ikweta maana watoto walitaka kuona yale maji. Kijana akamimina maji kwenye beseni lenye tundu chini, upande wa kaskazini akaweka na ua, likazunguka, tukavuka hatua chache tu upande wa kusini likazunguka kinyume, halafu juu ya mstari wenyewe maji yakashuka tu moja kwa moja. Nikalipa. Sasa mwanangu wa senior three alibisha njia nzima kwamba ule ni uongo, baba yake anasema ni sayansi iko mpaka kwa vitabu. Tuamulie. – Mama wa wanne, Jinja

JIBU: Mama, kwa yale maji mwanao ndiye yuko sawa, na mpe hongera kabisa, kubisha kitu umekiona kwa macho yako si rahisi.

Lakini baba naye hajatoa kitu hewani. Dunia inavyozunguka inapindisha kweli vitu vinavyosafiri mbali, upepo na mikondo ya bahari, na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika hesabu zake mwaka 1835. Ndiyo maana kile kimbunga Idai kilichopiga Beira kule Msumbiji Machi 2019 kilikuwa kinazunguka kufuata mshale wa saa, na vya kaskazini huzunguka kinyume.

Sasa tuje kwa beseni. Chukulia umesimama kwenye ncha ya kaskazini, hufanyi kitu, ardhi chini ya miguu inakugeuza kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, mzunguko mmoja kwa siku. Ukiteremka kuja huku kwetu kule kugeuzwa kunapungua, kunapungua, mpaka ukifika ikweta ni sifuri, pale unabebwa tu kwenda mashariki, tena mbio ajabu, kama kilometa 1,670 kwa saa, ila hugeuzwi pale uliposimama, kama abiria wa basi aliyetazama mbele safari nzima. Haya, na ukisogea mita 10 kutoka kwenye mstari? Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: ardhi italigeuza lile beseni mzunguko mmoja kamili kwa miaka zaidi ya 1,700! Na maji yenyewe yanaisha kabla hujamaliza kupiga picha.

Kinachozungusha ni mkono. Ukimimina maji kwa pembeni yanaanza kuzunguka polepole hata jicho lisione, halafu yanavyosogea kwenye tundu yanazidi kuchapuka, ni kama jiwe ulilofunga kwa kamba ukalizungusha na kamba ikawa inajisokota kwenye kidole, kamba inavyofupika ndivyo jiwe linavyozunguka haraka. Mimina kwa upande huu yataenda huku, mimina kwa ule yataenda kule, yaache yatulie kwanza yatashuka bila kuzunguka. Simlaumu yule kijana, anatafuta riziki na huenda na yeye alifundishwa hivyo hivyo na anaamini, ila watoto wetu wanarudi shule wanayaandika kwenye mtihani, na hilo linaniuma kweli.

Kuna waliojaribu kwa subira. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alichukua tangi la upana wa karibu mita 1.8, akaweka maji ya kina cha sentimita 15, akayafunika hewa isiyasumbue, akayaacha yatulie saa 24 nzima ndipo akafungua kitundu kidogo. Dakika zaidi ya 10 hakuna kitu, halafu taratibu yakaanza kuzunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 wenzake wa Sydney, Australia, wakarudia, yakaenda kufuata saa. Kwa hiyo baba ana haki yake, ila kule ni mbali mno na ikweta.

Jaribuni nyumbani: toboa beseni kuukuu katikati, ziba kwa kidole, mimina kwa kushoto, rudia kwa kulia. Mji wa Jinja wote uko kaskazini mwa ikweta, na bado mtayaona yanabadilika.

SWALI: Kuna mtu aliniambia ukisimama ikweta uzito unapungua, ni kweli? – Mtu wa boda, Mbarara

JIBU: Ni kweli ndugu yangu, lakini si kwa hatua mbili tatu za kuvuka mstari. Ukilinganisha na kule kwenye ncha za dunia tofauti ni kama nusu ya asilimia moja, yaani mtu wa kilo 70 anapungukiwa kama gramu 350 kwenye mizani ya springi, kwa sababu mzunguko wa dunia unakurusha nje kidogo na pia dunia imevimba katikati, uko mbali zaidi na kitovu chake kwa kilometa kama 21. Mizani ya mawe ya sokoni haioni kitu, mawe nayo yamepungua vile vile.

Kama unapita Kayabwe na unataka kuona kitu cha ikweta hasa, pita karibu na tarehe 20 Machi mnamo saa saba mchana, au 23 Septemba saa saba kasoro robo, simamisha fimbo iliyonyooka wima, na utafute kivuli chake kilikokwenda.