Ngao ndogo ya Wamakedonia

Ndugu, umeuliza kwa nini askari wa miguu wa Aleksanda Mkuu walibeba ngao ndogo kuliko Wagiriki waliowatangulia, na kama hawakuwa wakijihatarisha bure. Tazama mikono yao. Mkuki wao, sarisa, ulikuwa na urefu wa mita 5 hadi 6 hivi, na huo hauushiki kwa mkono mmoja ukapigana nao. Mikono yote miwili ikiwa kwenye mpini, ngao ataishika nani? Hoplaiti, yaani askari wa miguu wa Kigiriki mwenye silaha nzito, alikuwa na mkuki wa mita 2 na kitu, kwa hiyo mkono wa kushoto ulibaki huru kubeba ngao ya karibu sentimita 90. Mmakedonia yake, sentimita 60 na ushee, aliining'iniza kwa mkanda begani, vidole vikaweza kuufikia mpini.

Ulinzi wake hasa ulikuwa wenzake. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anaeleza kwamba ncha za safu 5 za kwanza zilitokeza mbele ya kikosi, na safu za nyuma ziliinua mikuki kwa mshazari kuzuia vitu vilivyorushwa kutoka juu. Hebu fikiria kupita ncha tano ili umfikie mtu mmoja!

Shida ilikuwa ardhi isiyo sawa. Kule Pydna, Makedonia, walipopigana na Warumi mwaka 168 KK, safu zilipoachana Warumi walipenya kwenye nafasi wakiwa na panga na ngao kubwa. Kwa karibu hivyo, sarisa ni mzigo tu, na kingao kile hakikufua dafu.