Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi wa Filamu na Mlezi Aliyepangiwa

Tumepokea barua kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa filamu ambao vyuo vyao vimewapangia walezi, yaani wataalamu wanaoishi kwa kazi ya filamu, ili wawasimamie katika filamu zao za kumalizia masomo. Tunajibu tatu kati yake.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma shahada ya filamu, mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam. Filamu yangu fupi ya dakika 14 inamhusu mama anayenunua samaki katika soko la Feri alfajiri na kuwakaanga mtaani kwake. Mlezi niliyepangiwa ni mwongozaji wa tamthilia za televisheni mwenye jina. Baada ya kuitazama mara moja tu, aliniambia niondoe dakika tatu za mwanzo, ambamo mama anapanda daladala na kufika mnadani, kisha nimalizie kwa mama kupata mtaji badala ya kumwacha akiosha karai lake. Ninamheshimu, na sehemu ya alama zangu inategemea taarifa yake. Je, nifuate kila asemalo?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Hulazimiki kufuata kila asemalo, ila kila asemalo lazima ulifanyie kazi kabla ya kulikataa.

Katika maneno ya mlezi wako yamechanganyika mambo mawili: kile kilichompata alipokuwa akitazama, na dawa anayoipendekeza. La kwanza lina thamani kubwa, kwa sababu wewe umeitazama filamu yako mara nyingi mno hata huwezi tena kuiona kwa macho ya mgeni. Anapokuambia uondoe dakika tatu, anakuarifu kwamba kwa muda wote huo hakujua amfuate nani wala kwa nini. Usibishane naye juu ya hilo, maana mtu aliyechoka amechoka. Dawa, hata hivyo, ni juu yako kuitafuta.

Katika skripti uliyoiambatisha kuna picha moja ambayo, kwa maoni yangu, inaibeba filamu nzima: mnadi anataja bei, mkono wa mama unainuka, bei inapanda, na mkono unashuka polepole hadi kwenye fundo la kanga alikofunga fedha zake. Picha hiyo imo ndani ya dakika zile zile unazoambiwa uziondoe, lakini imetanguliwa na kituo cha daladala, konda, dirisha la gari na msongamano wa getini, mambo ambayo mtazamaji wa Dar es Salaam anayaona kila siku na ambayo hayamwambii lolote kuhusu mama huyu. Jaribu kuanza na mkono. Hariri hivyo, kisha hariri toleo jingine kama alivyoagiza mlezi, na umwombe mkae pamoja myatazame yote mawili mfululizo. Mazungumzo yatakayofuata yatakufaa kuliko barua kumi za kujieleza.

Kuhusu mwisho, niko upande wako. Tamthilia hudai mtu avune alichopanda, na kuandika hivyo kuna ustadi wake. Filamu fupi inaweza kumwacha mama na karai lake na bado ikawa imekamilika. Lakini uwe na sababu. Andika aya moja inayoeleza kwa nini filamu yako inaishia hapo. Ukishindwa kuiandika, huenda mlezi ameona upungufu ambao wewe hujauona.

Utaratibu huu wa ulezi ni wa zamani. Katika chuo cha filamu cha Łódź nchini Poland, kilichoanzishwa mwaka 1948, filamu ya mwanafunzi hubeba jina la mwanafunzi kama mwongozaji, na mtaalamu aliyeisimamia kisanaa hutajwa kando. Mwongozaji Krzysztof Kieślowski alifundishwa huko na Kazimierz Karabasz, mtengenezaji wa filamu za maisha halisi aliyekuwa na subira ya kuwatazama watu wa kawaida wakiwa kazini. Baadaye Kieślowski alihamia filamu za kubuni, ambazo hazikuwa uwanja mkuu wa mwalimu wake, na bado akaendelea kumtaja kwa heshima. Jina litakaloandikwa kama mwongozaji wa filamu yako ni lako, na ndiyo maana uamuzi wa mwisho ni wako.

Suala la alama lipeleke kwa mratibu wa programu: omba vigezo kwa maandishi, ujue kama taarifa ya mlezi inapima namna ulivyoutumia ushauri au inapima utii. Programu inayopima utii inahitaji kurekebishwa, na si vibaya wanafunzi mkalisema hilo kwa pamoja na kwa adabu.

SWALI: Mimi nataka kuwa mwongozaji, lakini chuo kimenipangia mpiga picha kuwa mlezi wangu. Naona nimepunjwa. Niombe kubadilishiwa?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Usiombe bado. Mwaka 1967 George Lucas, mwongozaji wa Marekani aliyetoka Chuo Kikuu cha Southern California, alipata nafasi ya kujifunza katika studio ya Warner Bros. Alitamani idara ya katuni, akakuta imefungwa, akaishia kwenye seti ya mwongozaji Francis Ford Coppola, aliyemzidi kwa miaka mitano tu na aliyekuwa akiongoza filamu ya muziki, aina ambayo Lucas hakuifuata. Urafiki wao ndio uliowezesha filamu fupi aliyoitengeneza chuoni kugeuka kuwa filamu yake ndefu ya kwanza, THX 1138, iliyotoka mwaka 1971. Angalia kwamba alikuwa tayari na kazi ya kuonyesha; bila hiyo Coppola asingekuwa na cha kukisaidia.

Hapo hapo Nairobi, mradi wa One Fine Day Films wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na mwenzake Marie Steinmann uliwakutanisha walezi si na waongozaji peke yao, bali pia na wapiga picha, wahariri na watu wa sauti. Katika kazi hiyo zilitoka Soul Boy ya Hawa Essuman mwaka 2010 na Nairobi Half Life ya David Gitonga mwaka 2012, ambayo ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar ya lugha ya kigeni. Mpiga picha atakufundisha kuuona mwanga na kupanga siku ya kazi, na mwongozaji asiyejua hayo huwatesa wenzake wote. Nenda kwake na onyesho moja uliloandika, umuulize angeweka kamera wapi na kwa sababu gani.

SWALI: Mlezi wangu anasisitiza tuonane nyumbani kwake usiku ili tupitie skripti. Naogopa kumuudhi. Nifanyeje?
Binti, Dodoma

JIBU: Usiende, binti yangu. Mjibu kwa maandishi, kwa heshima, kwamba utamsubiri chuoni mchana, na umtajie chumba na saa. Tunza ujumbe wake wote. Akisisitiza tena, upeleke kwa mratibu na kwa dawati la jinsia la chuo, ukiwa na rafiki au mwalimu unayemwamini, na uombe mlezi mwingine bila kulazimika kujitetea. Kukataa kwako si utovu wa adabu, na chuo kilichokupangia mtu huyo ndicho chenye wajibu wa kukulinda.