Manjano ya Super-Takumar 50mm f/1.4 si fangasi
Ukiona manjano ndani ya Super-Takumar 50mm f/1.4, lenzi ya zamani ya kamera za Pentax, ukadhani ni fangasi, hapana, si fangasi. Toleo la vioo 7 lina kioo chenye thoriamu (metali inayotoa mionzi), na mionzi yake hukipaka rangi kidogokidogo miaka ikienda. Lile la kwanza la vioo 8 halina. Fangasi ungeona nyuzinyuzi ukimulika tochi kwa nyuma. Kuondoa manjano, iache lenzi chini ya taa ya UV (mwanga wa urujuanimno), kioo cha nyuma kikielekea taa, siku kadhaa hadi wiki chache. Jua pia linafaa, ila joto huyeyusha grisi ikapakaa vijibapa vya apacha (tundu la kupitishia mwanga), halafu lenzi juani huweza kuwasha moto. Kwa picha za RAW (faili ghafi za kamera), kurekebisha weupe (white balance) kunatosha. Usikisugue wala kukikwangua hicho kioo. Vumbi lake ndilo hatari.