Kabla hujatoa hela ya nyumba Mji Mkongwe, uliza ni ya nani

Mkuu uliyeniandikia kutoka Njiro, Arusha, simamisha hayo malipo. Umeandika kwamba umeuza kiwanja, umepata nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe kule Zanzibar kwa bei ya kutupa, na dalali anataka nusu ya hela Ijumaa. Unauliza kama bei ni halali, kama wageni wapo mwaka mzima, ukarabati utakula kiasi gani, na kama uhamie na familia. Lililo kubwa hujaliuliza: hiyo nyumba ni ya nani?

Mimi niko Moshi, na hela ya ukoo wetu ilipotelea kwenye kilemba, zile pesa ambazo mpangaji anayetoka anamdai anayeingia. Unapewa ufunguo, hupewi nyumba. Dalali wetu hilo neno hakulitamka hata siku moja. Kwake yalikuwa "mauzo", na mzee tuliyekutanishwa naye alikuwa "mwenye mali". Karatasi tuliyoonyeshwa ilikuwa imekunjwa, na kidole gumba cha dalali kilikaa palepale kwenye maandishi ya juu. Tukaona jina la mzee na muhuri, basi. Ilikuwa stakabadhi ya kodi ya pango. Mzee alikuwa mpangaji wa Wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani! Nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na msimamizi wake ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kuja kulijua hilo, hela imeshagawanwa.

Na huyo dalali ni mtu wetu wa huku, tunasali naye. Alijua. Mtu anayejua akanyamaza huku anasubiri asilimia yake ni mwizi, sina neno jingine. Mzee simlaumu sana, kwao kupokea kilemba ni jambo la kawaida.

Elewa watu wa pale wamefikaje humo. Majumba mengi yalijengwa karne ya 19 na matajiri wa Kiarabu na Kihindi, enzi za karafuu na pembe za ndovu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mengi yakachukuliwa na serikali, familia zikapangishwa humo, nyingine chumba kimoja kimoja. Kwa hiyo nyumba ya serikali, ya Wakfu na ya mtu binafsi zinaweza kukaa kwenye uchochoro mmoja, zote zina milango ya nakshi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Huku kwetu Uchagani kihamba, shamba la ukoo, kina masale, mimea ya kuonyesha mpaka, na majirani wanaomjua babu yako. Kule huna shahidi.

Tena ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 1992, na haki ya kumiliki ardhi wamepewa Wazanzibari. Hati yako ya Njiro haikufungulii mlango wowote pale. Dalali amekwambia hilo?

Ukarabati nitasema kidogo tu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Fundi wetu aliyezoea tofali na simenti asiziguse: simenti inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, plasta inabanduka, vichwa vya boriti vinaoza. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la sultani, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Na mji uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, kwa hiyo hata dirisha hulibadilishi bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Panda boti mwenyewe, dalali abaki Arusha. Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, wa shehia ile, nenda Wakfu, kisha ofisi ya ardhi, na kote uliza jambo moja: mwenye nyumba hii ni nani? Ijumaa yake ipite. Na hiyo karatasi aliyokuonyesha, mwambie aikunjue yote, uisome kuanzia juu.